Tulimlaza Hadi Wageni Waondoke

Niwaambie mapema, ninyi mliohitimu juzi na mnaotembea wodini na kalamu tatu mfukoni: nimekasirika. Siyo hasira ya kizee ya kulalamikia redio ya jirani. Ni hasira ya kazi, nimekaa nayo miaka mingi, na wiki mbili zilizopita mmeniongezea nyingine.

Nilikwenda kumwona jirani yangu wa hapa Sekei. Amepasuliwa kifua kwa vile vitundu vidogo vitatu, na hiyo ilikuwa siku yake ya pili. Nikamkuta amelala chali, blanketi hadi kidevuni, midomo imekauka, anapumua kwa juu juu kama anayeogopa kuamsha mtoto. Kwenye mguu wa kitanda imening'inizwa karatasi nzuri, imechapwa kwa rangi, ina visanduku. Mgonjwa ameketi: tiki. Mgonjwa ametembea mara mbili: tiki. Mgonjwa amefanya mazoezi ya kupumua: tiki, na sahihi ya mtu.

"Nani amekutembeza?" nikamuuliza.

"Nitembee niende wapi, dada? Hata mguu sijashusha."

Nikamwita sista wa zamu, binti mpole, akanipa shikamoo yake vizuri. Nikamwonyesha karatasi. Wala hakushtuka. Akaniambia, "Bibi, hizi tunazijaza asubuhi zote kwa pamoja ili zamu isichelewe. Akiamka atatembea tu."

Nikaketi kwenye kile kiti cha wageni nikaisoma karatasi tena. Mpango wenyewe naujua. Mnaambiwa kwenye semina kwamba ni elimu mpya: mgonjwa aliyepasuliwa kifua asilale kama gogo, apewe dawa ya maumivu ya kutosha, aketi siku hiyo hiyo, ale mapema, akohoe, atembee kesho yake, aende nyumbani na miguu yake. Sina ugomvi na jina jipya. Ugomvi wangu ni kwamba kitu hiki mmekifanya karatasi, na mimi niliona mtu akifa kwa kukosa hatua kumi na mbili za kutoka kitandani hadi dirishani. Mtanisikiliza leo.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilisomea Moshi, nikapangiwa Arusha nikiwa ndiyo kwanza nimeolewa, na sikuondoka tena. Wodini hakuna aliyeniita kwa jina langu. Niliitwa Mama Kohoa, kwa sababu ndilo neno wagonjwa walilolisikia kutoka kwangu kuliko hata habari za asubuhi. Kuna mzee mmoja wa Kijenge nilikutana naye sokoni miaka baada ya kumhudumia. Aliponiona tu akashika ubavu na kuanza kukohoa, mkewe akadhani amepaliwa. Nikamwambia imetosha, leo nimekuja kununua ndizi.

Sasa msidhani nilizaliwa nikijua. Shuleni nilifundishwa mifupa yote na misuli yote, nikafaulu vizuri, na mwaka wa kwanza wa kazi nusura nimuue mtu. Alikuwa dereva wa lori aliyepinduka barabara ya Namanga. Mbavu zilitoboa pafu, hewa ikawa inavuja ndani ya kifua. Akawekewa mpira kati ya mbavu, na mwisho wa mpira ukazamishwa kwenye chupa yenye maji, sakafuni. Ninyi mnayo masanduku ya plastiki yenye vyumba vitatu, sisi tulikuwa na chupa ya kioo. Kazi ni ile ile. Hewa inatoka kifuani, inapita majini, inafanya mapovu, na maji yanaizuia isirudi.

Desturi ya wodi ilikuwa kwamba kabla ya kumsogeza mgonjwa unabana mpira kwa koleo mbili, ili chupa ikipinduka hewa isiingie. Kila mtu alifanya hivyo. Nami nikabana, nikamkalisha dereva kwenye kiti, nikaanza kumfundisha kupumua kwa maneno matamu ya chuo. Akawa hanisikilizi. Jasho likamtoka, mishipa ya shingo ikasimama, midomo ikageuka rangi. Mimi nikazidi kumwambia, "Pumua taratibu, baba, usiogope."

Aliyemwokoa ni mhudumu wa usafi, Mzee Shabani, mtu wa Pangani aliyehamia Arusha zamani na kuishi mtaa wa Kaloleni. Aliacha ndoo yake, akainama, akafungua zile koleo. Chupa ikatokota mapovu kama sufuria ya uji, na dereva akarudi duniani. Mzee Shabani akanipa koleo zangu mkononi.

"Mwanangu, jiko linafuka moshi ndani ya chumba, wewe unafunga dirisha. Ulitegemea nini?"

Hakuwa na cheti hata kimoja. Alikuwa amefagia chini ya vitanda hivyo tangu mimi sijaanza shule, na kwa kufagia chini ya vitanda alikuwa ameziona chupa kuliko daktari yeyote. Alinifundisha kuangalia mapovu kwanza, kabla ya kuangalia faili. Mpira unaotoa mapovu haubanwi, hata aje nani. Chupa haiinuliwi juu ya kiuno cha mgonjwa, maana maji yatarudi kifuani. Na kutembea kwa mgonjwa hakuhitaji toroli la kutoka Ulaya, kunahitaji kikapu.

Ndiyo, kikapu cha ukindu cha sokoni, chenye mikono mirefu. Chupa inakaa ndani, imezungushiwa kitambaa isigonge, mgonjwa anakishika mwenyewe kwa mkono ulionyooka, chini. Manesi walicheka sana wiki ya kwanza. Wakawa wanawaagiza wagonjwa wangu: wewe wa kitanda cha nne, ukifika soko la Kilombero niletee nyanya na kitunguu. Wagonjwa nao wakaupenda utani huo. Mtu aliyekuwa anaogopa kushusha mguu alikuwa anashuka ili naye akajibu utani koridoni. Nimesoma makala nyingi tangu wakati huo na sijaona iliyoandika kwamba utani ni dawa ya mapafu, lakini mimi nimeuona ukifanya kazi.

Na mengine nitawapa hapa hapa, maana nani ajuaye kama tutaonana. Dawa ya maumivu kwanza, kisha subiri nusu saa, ndipo umwinue. Ukimwinua na maumivu yake mara moja tu, hatakuamini tena hadi anaruhusiwa. Kukohoa anakumbatia mto, au khanga iliyokunjwa, anaibana penye kidonda. Hapo ndipo anakohoa kweli, badala ya kusafisha koo kama mtu anayetaka kuhutubia. Chukua mpira wa dripu uliobaki na chupa yenye maji nusu, apulizie humo mapovu mara kumi kila saa. Mpe shindano na jirani yake, utaona. Na kama hawezi kusimama bado, miguu ikanyage kitandani kama anayeshona kwa cherehani ya miguu, damu isilale kwenye shavu la mguu. Hilo la mguu mlishike, nitarudi kwake, na sitarudi kwa furaha.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Ninyi hamkuiona, kwa hiyo niwape picha kidogo. Sisi tulikuwa tumezoea foleni ya sabuni na kuoga kwa kipande, kisha ghafla maduka yakajaa. Sabuni za harufu, soda za makopo, mitumba imetandazwa hadi barabarani, televisheni sebuleni kwa mtu uliyemjua hana hata redio. Na hospitali binafsi zikaruhusiwa. Watu wakajenga imani moja ambayo sijui nani aliwafundisha, kwamba cha kulipia ndicho kizuri, na cha kulipia sana ndicho kizuri sana.

Hospitali moja ilifunguliwa mjini, siitaji, na hata hivyo imekwisha kufungwa siku nyingi. Mwenyewe, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi, alikuwa mfanyabiashara wa vigae vya sakafu. Kwa hiyo sakafu ilikuwa nzuri ajabu. Ukiingia unajiona sura. Mimi nilichukua likizo bila malipo serikalini nikaenda huko, na sitawadanganya, nilivutiwa na vile vigae na mimi. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na nilichoka kufanya kazi kwa mipira iliyochemshwa hadi ikalainika.

Jambo moja la kweli lilikuwepo pale, naye ni Dokta Gasper. Mtu wa Rombo, daktari wa upasuaji, alikuwa amesomea nje na akawa anakuja kutoka Dar kila baada ya majuma kadhaa na sanduku la bati. Ndani ya sanduku kulikuwa na kamera nyembamba kama fimbo, imeshatumika huko ilikotoka hadi rangi imechubuka. Kabla yake, kufungua kifua kulimaanisha kumkata mtu kutoka mgongoni hadi chini ya titi na kuzitanua mbavu kwa chuma. Yeye alitoboa vitundu viwili au vitatu, akaingiza fimbo yake, akasafisha usaha uliokaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, akatoka. Mara ya kwanza nilipoona kidonda chenyewe nilidhani hajamaliza.

Dokta Gasper alinielewa na nilimwelewa. Alisema, "Mama Kohoa, mimi nafanya nusu. Nimempunguzia kidonda ili wewe uweze kumwinua. Asipoinuliwa, kidonda kidogo hakimsaidii kitu." Nawaomba mrudie sentensi hiyo mara mbili, maana hospitali nzima haikuisikia.

Mama Elifuraha alitoka Akheri, kule juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya Meru. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye mikono ya mtu anayekata migomba mwenyewe. Homa ya mapafu ilimwachia usaha kifuani. Mumewe, Baba Elifuraha, alikuwa ameanza kuuza kahawa kwa wanunuzi binafsi, msimu ulikuwa mzuri, akasema mke wangu sitampeleka kwenye foleni. Akamleta kwetu. Alikuwa mtu mwema, mlielewe hilo vizuri tangu sasa.

Dokta Gasper alimfanyia Jumatatu. Ilikwenda vizuri sana. Akaandika kwenye faili kwa herufi kubwa: aketi leo jioni, atembee kesho, kila siku aongeze. Kisha akapanda gari na sanduku lake kurudi Dar.

Jumatatu jioni nikamkalisha. Jumanne asubuhi nikampa dawa ya maumivu nusu saa mapema, nikamvisha khanga kiunoni, nikampa kikapu chake, tukaanza safari. Hatua kumi na mbili hadi dirishani, nilizihesabu. Alisimama pale akashika kizingiti, mlima ulikuwa wazi asubuhi ile, na chini ya ukuta kulikuwa na migomba ya jirani.

"Hiyo migomba haijapunguzwa machipukizi," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Nikacheka. Mgonjwa anayegombeza migomba ya watu anapona. Njiani kurudi alikohoa vizuri, uchafu ukatoka, na machozi pia yakamtoka kwa sababu inauma, haipo njia ya kukohoa na mbavu zilizotobolewa bila kuuma. Na hapo mlangoni alikuwa amesimama wifi yake, dada wa mume, na chupa ya chai mkononi na bakuli la mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama.

Sasa nyie watu wa huku mnajua mzazi anavyolelewa kwetu, Wachaga na Wameru tunafanana. Mwanamke akijifungua analala. Hainui kitu, haguswi na baridi, analetewa mtori na maziwa na nyama yenye mafuta, miezi mitatu, na ukoo mzima unahesabu heshima yake kwa jinsi anavyolala. Ni desturi nzuri, nimelelewa hivyo mara tatu na sijawahi kulalamika. Lakini ile familia ilichukua desturi ya kulea mzazi ikaiweka juu ya mtu aliyepasuliwa kifua. Kwao kumwona Mama Elifuraha amesimama na kikapu, analia, siku moja baada ya kisu, ilikuwa ni kuona ndugu yao ananyanyaswa. Na manyanyaso hayo walikuwa wanayalipia.

Wifi akageuka na chupa yake ya chai. Alikwenda moja kwa moja ofisini.

Saa nane mchana niliitwa kwa Mkurugenzi. Matroni wetu, Sista Paulina, alikuwa amesimama kando ya meza. Paulina tulisoma wote shule ya msingi, alijua kazi kuliko mimi, na alikuwa anaangalia vigae.

"Mama, hapa siyo serikalini," Mkurugenzi akasema. "Hapa hatuna wagonjwa, tuna wateja. Mteja halipi pesa yake aje afanyishwe kazi."

Nikamwambia daktari ameandika.

"Daktari yuko Dar. Mimi niko hapa. Na Ijumaa nina wageni wakubwa wanakuja kuiona hospitali, huyu mama ndiye wanayekuja kumwona, aliyefanyiwa kwa kamera. Nataka wamkute amepumzika, kitanda safi. Sitaki mtu anazurura koridoni na chupa ya damu kwenye kikapu cha sokoni. Ikimwagika kwenye sakafu je?"

Nikamtazama Paulina. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni siku tatu tu, mwenzangu."

Sasa ndipo hasira yangu inapobadilisha upande, na naomba mnivumilie. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na faili yenye maandishi ya daktari. Ningeweza kumpigia Dokta Gasper simu, simu ilikuwepo pale mezani. Ningeweza kwenda kwa Baba Elifuraha, kuketi naye kwenye benchi kama mtu na mwenzake, na kumweleza kwa lugha ya nyumbani kwamba mapafu si tumbo la uzazi. Mtu yule angenielewa. Mimi nikasema, "Sawa, Mkurugenzi." Maneno mawili. Nikatoka nikaenda kumfanyia mazoezi ya goti mteja mwingine.

Jumatano nilipita mlangoni kwake. Alikuwa amelazwa chali, shuka limekunjwa pembe kama bahasha. Wifi anamlisha mtori kwa kijiko akiwa amelala hivyo hivyo. Mgonjwa alikuwa ameanza kupumua kwa juu juu. Alhamisi mpira wa kifua ukatolewa, kwa hiyo hata kisingizio cha chupa hakikuwepo tena. Mama Elifuraha akaniona akaniita.

"Mama Kohoa, leo hatuendi dirishani?"

"Pumzika kwanza, mama. Kesho kuna wageni."

"Nimepumzika hadi mgongo umekuwa ubao. Na huu mguu wa kushoto unavuta, hapa nyuma."

Nikafunua shuka. Shavu la mguu lilikuwa limejaa, la moto. Wifi akaniambia nisiwe na wasiwasi, amelichua asubuhi na jana jioni kwa mafuta ya kondoo. Mwili wangu wote ulijua nilichokuwa nakiona. Nilimwambia asichue tena, nikaenda mbio kwa Paulina, nikamwambia damu imeganda mguuni, apigiwe simu daktari sasa hivi. Paulina akaandika kwenye daftari. Akasema atamwambia Mkurugenzi, na Mkurugenzi akasema watashughulikia wageni wakishaondoka. Mimi nikarudi kwenye chumba changu cha mazoezi. Nilikuwa nimeshatoa taarifa. Mnalijua neno hilo, naona bado mnalitumia sana.

Ijumaa wageni walikuja saa nne. Suti, kamera za picha, mtu wa kuwafungulia milango. Walisimama kwenye mguu wa kitanda chake wakatazama vile vibandeji vitatu vidogo, wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Mmoja akamuuliza anajisikiaje. Akajibu, "Nashukuru Mungu," kwa sababu ndivyo mtu aliyelelewa vizuri anavyomjibu mgeni. Picha ikapigwa. Walikunywa chai, wakasifu sakafu, wakaondoka kabla ya adhuhuri.

Magari yao yalikuwa hayajafika barabarani Mama Elifuraha alipomwambia wifi yake sasa anakwenda chooni mwenyewe, amechoka na beseni. Nilikuwa koridoni. Nilimwona akisimama mlangoni, ameshika fremu, ananitazama na anatabasamu kidogo, kama mtu aliyetoroka. Akapiga hatua tatu kuja kwangu. Akasema, "Pumzi," neno hilo tu, akashika kifua, akakaa chini kwenye vile vigae.

Tulifanya yote. Tulimpa hewa, tulimsukuma kifua, Paulina alikuwa analia huku anasukuma. Donge la damu lilikuwa limetoka mguuni likaziba njia ya mapafu. Kidonda chake hakikuwa na kasoro yoyote. Dokta Gasper alipopigiwa simu aliuliza jambo moja tu, mgonjwa alitembea siku ngapi. Nikamwambia moja.

Mnadhani hospitali ilijifunza? Ilijifunza, kinyume. Watu wote waliokuwa koridoni walikuwa wameona kitu kimoja kwa macho yao: mama alikuwa amelala salama siku tatu, akasimama, akafa. Jumatatu yake tangazo likabandikwa kwamba mgonjwa wa kifua asishuke kitandani siku saba. Siku saba, vijana. Nililisoma mara mbili, nikalibandua, nikaenda kuliweka mezani kwa Mkurugenzi na barua yangu ya kuacha kazi juu yake. Nilirudi serikalini kwa mipira yangu iliyochemshwa. Miaka yote iliyofuata, hakuna mgonjwa wa kifua aliyelala siku nzima kwenye zamu yangu, awe mchungaji, awe mheshimiwa, awe mama mkwe wa daktari. Nimetukanwa, nimeshtakiwa kwa wakubwa, kuna mzee wa mtaa wa Kwa Mrombo alinitupia kikapu na chupa yake ndani. Alikwenda nyumbani siku ya tano. Huwa nawaketisha ndugu kwenye benchi kabla ya operesheni, si baada, nawaambia: mtaona analia, mtaona ananichukia, mtori mleteeni lakini ale ameketi. Nikiwa nao mapema wananisaidia wenyewe kumwinua. Hicho ni cha kuandika kwenye karatasi zenu, ndugu waambiwe mapema, na nimekitafuta kwenye vile visanduku vya rangi sikukiona.

Kwa hiyo mkijaza tiki kwa mtu ambaye hajashusha mguu, mimi sioni karatasi. Namwona Paulina anaandika kwenye daftari. Najiona mimi.

Tulikwenda kumzika Akheri, Paulina na mimi, tukiwa bado na sare kwa sababu tuliombewa ruhusa ya saa chache. Kaburi lilichimbwa kando ya nyumba, kwenye migomba yake, na ile ilikuwa imepunguzwa machipukizi vizuri, kila shina na wanawe wawili. Nilikaa nyuma kabisa. Ibada ilipokwisha niliona Baba Elifuraha anapita katikati ya watu, haendi kwa wachungaji wala kwa wazee wa ukoo, anakuja kwangu. Niliweka mkoba chini. Nikasema moyoni, anakuja kunipiga, na nitamwacha anipige.

Akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Dada yangu ameniambia," akasema. "Siku ile ya kwanza ulimwinua, lakini tulipokuomba ulitusikiliza. Ukamwacha apumzike. Angalau siku zake za mwisho mke wangu hakusumbuliwa. Asante sana, mama. Mungu akubariki kwa hilo."

Nikamjibu, "Pole sana, baba." Hakuna kingine nilichomwambia, siku ile wala baadaye.